Tiba ya Testosteroni kwa Kijana Aliyepona Saratani: Shukrani, Subira na Haki ya Mwili

Testosteroni ni homoni ambayo kwa mwanamume hutengenezwa zaidi na korodani, kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayokoza sauti ya mvulana, kumwotesha ndevu, kujaza misuli, kukaza mifupa, kuhimiza uboho utengeneze seli nyekundu za damu na kuamsha hamu ya tendo la ndoa. Tiba ya saratani yaweza kuikatiza kazi hiyo mahali popote. Korodani yenye uvimbe huondolewa kwa upasuaji. Dawa za tibakemia, hasa za jamii ya saiklofosfamaidi, hushambulia seli zinazozaa mbegu za kiume, na zikitumika kwa wingi huzidhoofisha pia seli za Leydig zinazotoa homoni yenyewe. Mionzi ya nyonga huweza kuzifikia korodani. Mionzi ya kichwa, kama ile ya saratani ya koo la juu nyuma ya pua au ya uvimbe wa ubongo, huweza kuilemaza pituitari, na korodani zilizo nzima zikabaki bila amri.

Athari hizi haziji kwa kishindo. Kijana amepona, picha za skani ni safi, nywele zimerudi. Kisha mwaka mmoja au mitano baadaye anachoka kabla ya adhuhuri, moyo ni mzito bila sababu, hamu ya mke au ya kuoa imezimika, na mifupa yake inadhoofika pasipo yeye kujua. Damu ikipimwa asubuhi kabla ya saa nne, mara mbili kwa siku tofauti, kiwango kinaonekana chini ya nanogramu 300 hivi kwa desilita, mpaka ambao madaktari wengi huutumia kwa mtu mzima. Hapo anaelezwa juu ya tiba: sindano ya homoni iliyochanganywa na mafuta kila wiki mbili au tatu, au aina nyingine inayodungwa kila baada ya miezi mitatu hivi, au jeli ya kupaka kila siku. Kwa wengi ni tiba ya maisha yote.

Katika wadi ya Galbet, mjini Garissa, habari hiyo inamfikia mtu ambaye tayari ana deni kubwa kwa watu. Wakazi wengi wa hapo ni Wasomali, Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa kaunti za Garissa, Wajir na Mandera hakuwa na budi kwenda Nairobi, na kutoka Garissa tu ni zaidi ya kilomita 350, akalale kwa ndugu huku akingoja zamu yake katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Leo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa ina kituo cha saratani cha kanda, na safari zimepungua, lakini gharama bado hubebwa na wengi. Ukoo huchanga qaaraan: huyu anauza mbuzi, yule anatuma pesa kwa simu kutoka Eastleigh, mwingine kutoka Minneapolis. Aliyepona kwa mchango wa namna hiyo huona haya kurudi kwa watu walewale na haja ya pili, tena haja ya siri ya mwili. Na haya ina desturi ya kuvaa kanzu ya dini. Husemwa, na mara nyingi kijana mwenyewe hujisemea: Mungu amekuacha hai, unataka nini tena?

Swali hilo linastahili jibu la dini, kwa kuwa limeulizwa kwa jina la dini. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba shukrani ya uhai haimzuii aliyepona kutafuta kilichopotea katika mwili wake, na kwamba uzito wa kidini wa jambo hili hauko kwenye kudungwa sindano. Uko kwenye mambo mawili yanayosahaulika: kizazi, ambacho tiba hii yaweza kukifunga, na ukweli anaostahili kuambiwa mwanamke anayeposwa.

Hukumu ya kujitibu katika madhehebu ya Shafi haina utata mkubwa. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj at-Talibin, kitabu kinachosomeshwa tangu zamani katika darasa za misikitini za Wasomali na za pwani, kwamba kujitibu ni sunna. Hadithi zinazoagiza watu watafute dawa zinajulikana. Lakini zinajulikana pia hadithi zinazosifu watu wasioomba kuzinguliwa wala kuchomwa moto kwa ajili ya maradhi, wakimtegemea Mola wao. Waumini wa kweli wamesoma zote mbili, na kijana wa Galbet huenda amezisikia kwa maalim mmoja katika wiki moja. Tawakali iko upande gani?

Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1111, alilishughulikia swali hili kwa makini zaidi kuliko wengi, katika kitabu cha tauhidi na tawakali ndani ya Ihya Ulum ad-Din. Aliyagawa mambo yanayoondoa madhara mafungu matatu. La kwanza ni yale yenye yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuyaacha hadi kuhofia kifo si tawakali, ni haramu. La pili ni yale yanayotarajiwa kwa dhana kubwa, na humo aliziweka tiba za matabibu wa zama zake, kama kuumika. Kuyatumia hakuharibu tawakali, na kuyaacha hakukatazwi. La tatu ni yale ya kukisia tu, na kuyaacha ndiko kunakostahili mwenye kutawakali.

Testosteroni iingie wapi? Kijana aliyepoteza korodani zote mbili anakosa kitu ambacho mwili unakihitaji kila siku, na dawa inamrudishia kitu kilekile, kwa kuwa homoni inayobaki mwilini baada ya dawa kuyeyuka haina tofauti na ile ya korodani. Matokeo yake hupimwa kwa tarakimu na kwa muda unaojulikana: hamu huanza kurudi ndani ya wiki chache, damu huongezeka kwa miezi, mifupa huendelea kuimarika kwa miaka. Hii inaikaribia yakini ya mkate kuliko dhana ya kuumika. Hata hivyo mtu huyu hatakufa kesho akiikosa, na hapo ndipo mfano wa mkate unapokomea. Kijana mwingine ambaye kipimo chake kiko mpakani, na ambaye uchovu wake huenda unatokana na upungufu wa damu, tezi ya shingo au huzuni ya kuugua muda mrefu, yuko katika dhana tu, na kwake daktari mwaminifu atatafuta sababu nyingine kwanza. Ndiyo maana neno la daktari si jambo la pembeni katika mas'ala haya. Maalim hawezi kutoa hukumu iliyo sawa bila kuona vipimo. Na zile dawa za nguvu zinazouzwa sokoni kwa vichupa zimo kwenye kukisia. Haziwezi kurudisha homoni ambayo mwili hauna tena pa kuitengenezea.

Baraza la Kimataifa la Fikihi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwezi wa Mei 1992 lilipitisha azimio linalolingana na mpangilio huo. Kujitibu ni wajibu pale ambapo kuacha kutaangamiza nafsi, kiungo au uwezo, au kutawaambukiza wengine. Ni jambo la kupendekezwa pale ambapo kuacha kutaudhoofisha mwili bila kufikia maangamizi hayo. Ni halali tu pasipo hayo mawili, na huwa makuruhu tiba inapohofiwa kuleta madhara makubwa kuliko maradhi. Mtu ambaye mifupa yake inapungua uzito akiwa na miaka ishirini na mitano, na damu yake ikipungua nayo, hakosi kuingia kwenye fungu la pili, na pengine anaukaribia wajibu. Upande wa makuruhu nao una watu wake. Homoni huifanya damu kuwa nzito, na sehemu ya seli nyekundu ikizidi asilimia 54 daktari husimamisha dawa. Mwenye saratani ya tezi dume haanzishiwi, kwa kuwa saratani hiyo hulishwa na homoni hii. Saratani ambazo huwapata vijana zaidi, kama limfoma, leukemia na saratani ya korodani, haziko hivyo.

Basi shukrani iko wapi? Katika Ihya hiyohiyo, Ghazali anaeleza kwamba shukrani ina elimu, hali na tendo, na tendo lake ni kuitumia neema katika lile ililoumbiwa. Kwa kipimo hicho, kijana aliyepewa uhai akauacha mwili wake uoze kwa kuona haya hajashukuru zaidi ya mwenzake aliyekwenda kliniki. Wapo wanaodhani subira ni kunyamaza. Hadithi aliyoisimulia Ibn Abbas inawarekebisha. Mwanamke mmoja mweusi alikuwa na kifafa, akamwendea Mtume kuomba dua. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Lakini hakuishia hapo; aliomba kwamba akianguka nguo zisimvuke, akaombewa hilo. Hadithi hii hutajwa sana kama hoja ya kuacha dawa, na ni haki kuitaja hivyo. Mara chache hutajwa kwamba huyo aliyechagua subira, katika kikao hichohicho, aliomba heshima ya mwili wake, na hakuna aliyemwambia ameshapata Pepo, anataka nini tena.

Kuna hoja nyingine iliyo karibu zaidi na maisha ya Kaskazini Mashariki, nayo inatoka katika milango ya dia, yaani fidia ya damu. Eneo hili bado linamaliza mashauri ya damu kwa wazee na ngamia, na kila mtu mzima anajua kwamba dia kamili ya mwanamume ni ngamia 100. Fikihi ya Kishafi inasema aliyeharibu korodani mbili za mtu analipa dia kamili, sawasawa na aliyeua. Korodani moja ni nusu. Na si kiungo tu kinachohesabiwa. Minhaj inaorodhesha pia manufaa: akipigwa mtu akapoteza nguvu ya kutoa manii au uwezo wa tendo la ndoa, dia ni kamili, ingawa kiungo kimebaki mahali pake. Wanachuoni waliopanga bei hizo walikuwa wanapima ukubwa wa hasara. Saratani haidaiwi dia, na daktari aliyekata kwa idhini na kwa ujuzi hadaiwi. Ila ukubwa wa hasara haubadiliki kwa kuwa hakuna wa kulipa. Mzee ambaye angesimama barazani kudai ngamia 100 kwa ajili ya mpwa wake aliyejeruhiwa hivyo na adui hana namna ya kumwambia mpwa huyohuyo, aliyejeruhiwa hivyo na maradhi, kwamba analilia anasa.

Pingamizi jingine ni la kubadili maumbile. Aya ya 119 ya Sura an-Nisaa inataja kubadili aliyoyaumba Mwenyezi Mungu kuwa ni katika amri za shetani, na hadithi zimewalaani wanaochanja chale za urembo na wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri. Je, kutia homoni mwilini si kubadili? Jibu linapatikana katika kisa cha Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu. Alitengeneza pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume akamwamuru avae pua ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, na pua hiyo haikuwa ya kuokoa maisha. Mtu anaweza kuishi bila pua. Lakini uso ulikuwa umepungukiwa, na kuurudisha ulivyokuwa kulihesabiwa kuwa ni haja inayostahili ruhusa. Wanachuoni wa zama hizi wamejenga juu ya kisa hiki msingi wa upasuaji wa kurekebisha: kinachokatazwa ni kuiacha hali ya kawaida kwa kutafuta ziada, na kinachoruhusiwa ni kuirudia hali hiyo baada ya ajali au ugonjwa.

Mpaka huo una kazi hapa, maana dawa ni ileile anayojidunga kijana mzima wa jimu anayetaka kifua kipana. Yeye anaongeza juu ya kiwango cha kawaida, kwa dozi zinazoweza kuuharibu moyo na kuzilaza korodani zisizo na kasoro. Kanuni za michezo duniani zinautambua mpaka huohuo: testosteroni imepigwa marufuku kwa wanariadha, na Kenya ilitunga sheria yake ya kuzuia dawa hizo mwaka 2016, lakini mwenye ugonjwa uliothibitishwa wa korodani au pituitari aweza kuombewa idhini maalumu.

Swali la uanaume limejificha nyuma ya yote haya. Kijana asiyeota ndevu, asiye na hamu, aliyekatwa sehemu ya mwili wake, hujiuliza kama bado ni mwanamume. Jamii humjibu kwa ukali au kwa huruma inayouma zaidi. Fikihi haijawahi kuufunga uanaume kwenye homoni. Aya ya 31 ya Sura an-Nur, inapowataja wahudumu wasio na hamu ya wanawake, inawaita wanaume. Kijana huyu anafaa kuongoza swala, kutoa ushahidi, kuwa walii wa dada yake na kurithi fungu lake kamili. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa waliougua wakiwa watoto. Katika madhehebu ya Shafi mvulana hubaleghe kwa kutokwa na manii au kwa kutimiza miaka kumi na mitano ya mwezi mwandamo, lolote litakalotangulia. Mtoto aliyetibiwa leukemia, ambaye sauti yake haijakoma kuwa nyembamba, akifika miaka hiyo swala na saumu ni wajibu wake kama wenzake wote. Mzazi anayemngojea awe mkubwa kwa sura anachelewesha jambo lililokwisha kufika. Kwa watoto wa aina hii homoni huanzishwa kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu kwa miaka miwili au mitatu, ili mwili upite njia ambayo ungepita wenyewe. Kuwahi kuna maana, kwa kuwa mifupa hukusanya nguvu yake kubwa katika umri huo.

Sasa kizazi. Hili ndilo eneo ambalo kijana huweza kuumia kwa kutoelezwa. Watu wengi hudhani homoni ya kiume huongeza uzazi. Kwa mwenye korodani zinazofanya kazi hata kidogo, ni kinyume. Pituitari ikiona homoni ni tele kwenye damu hunyamaza, na korodani zikikosa amri huacha kutengeneza mbegu. Aliyetibiwa kwa tibakemia huenda mbegu zake zingerudi zenyewe baada ya miaka miwili, mitatu, hata mitano. Akianza sindano katika muda huo, anaufunga mlango uliokuwa unafunguka. Kwa hiyo utaratibu ndio hukumu: kupima mbegu kwanza, kuuliza nia ya kuzaa, kisha dawa. Aliyepoteza korodani zote, au ambaye mionzi imezimaliza, hana cha kupoteza kwa upande huu na hana sababu ya kungoja.

Mwenye tatizo la pituitari ana njia nyingine. Kuna homoni iitwayo hCG ambayo huziamsha korodani zitengeneze testosteroni yake mwenyewe, na ikiongezewa homoni nyingine mbegu hutoka. Aina ya zamani ya dawa hiyo huchujwa kutoka kwenye mkojo wa wajawazito. Mshafi anayesikia hivyo hushtuka, na ana haki, kwa kuwa mkojo ni najisi na madhehebu yake hayakubali kirahisi kwamba najisi hugeuka tohara kwa kubadilika. Lakini Nawawi huyohuyo, katika al-Majmu, anaruhusu kujitibu kwa najisi isiyo kileo pale ambapo kilicho safi hakipatikani. Siku hizi ipo pia hCG inayotengenezwa maabara bila mkojo, na inapopatikana kwa bei inayofikika ruhusa ile haihitajiki.

Lililo bora kuliko yote hutangulia tiba ya saratani yenyewe: kuhifadhi mbegu kwa kugandishwa kabla ya tibakemia, huduma ambayo hutolewa na kliniki za uzazi za Nairobi. Baraza la Fikihi liliamua mjini Amman mwaka 1986 kwamba utungishaji nje ya mwili unaruhusiwa kwa mume na mke kwa mbegu zao wenyewe, ndoa ikiwa ingali hai, na kwamba mtu wa tatu yeyote ni haramu. Wanaoruhusu kijana asiyeoa ahifadhi zake huweka masharti yanayotokana na hayo: chombo kilindwe kisichanganyike na cha mwingine, zitumike ndani ya ndoa yake tu, ziharibiwe akifa. Hata namna ya kuzitoa, ambayo Mashafi huiona haramu katika hali ya kawaida, huruhusiwa na baadhi ya wanachuoni kwa haja hii. Taabu ni kwamba mazungumzo haya hayafanyiki. Saratani imegunduliwa Jumatatu, tibakemia inaanza wiki hiyo, baba yuko mlangoni, na hakuna anayethubutu kulitaja neno manii mbele ya mtoto wa miaka kumi na saba. Kimya cha siku hizo kina gharama ya miaka hamsini. Daktari na mzazi wanaokaa pamoja dakika ishirini kulisema waziwazi wanamtendea kijana ihsani ambayo hakuna sindano itakayoweza kuirudisha baadaye.

Kutoka kizazi tunafika kwenye posa. Katika fikihi ya Kishafi, utasa si kasoro inayompa mke haki ya kuvunja ndoa, lakini kukatwa dhakari na kushindwa kabisa tendo la ndoa ni kasoro za namna hiyo. Baadhi ya watu huchukua kanuni ya kwanza kama leseni ya kunyamaza. Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab alimtuma mtu kazi ya kukusanya zaka, mtu huyo akaoa huko naye ni tasa, na Umar akamwagiza amweleze mkewe kisha ampe hiari. Hata kama mahakama haitaivunja ndoa, kumficha mwanamke jambo ambalo lingebadili uamuzi wake ni hadaa, na hadaa katika mkataba mzito kuliko yote haiwi nyeupe kwa kuitwa stara. Stara inamhusu mtaa. Anayeposwa hahesabiwi katika mtaa. Anastahili kuambiwa mambo matatu kwa maneno mepesi: kwamba saratani ilikuwepo na imetibiwa, kwamba mwanamume anatumia dawa ya homoni, na kwamba kuna au hakuna matumaini ya watoto. Hali ya majirani wote kulijua jambo na bibi harusi peke yake kutolijua inatosha kuwa aibu ya ukoo mzima.

Ikiwa nguvu ya tendo la ndoa haipo, mke anaweza kwenda kwa kadhi. Mahakama za kadhi zimetambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Madhehebu humpa mume muda wa mwaka mmoja, hukumu inayonasibishwa na Umar, ili misimu yote minne impitie ionekane kama udhaifu ni wa kudumu. Mwaka huo umekuja kufaa kwa namna ambayo matabibu wa kale hawakuiota. Testosteroni hurudisha hamu ndani ya wiki, na uwezo wenyewe kwa kawaida huonekana ndani ya miezi sita. Mume anayepewa mwaka na kukataa kujaribu tiba iliyo mbele yake anaitumia haki ya kungojewa bila kuitimizia kusudi lake. Yule aliyeoa na kuingia kwa mkewe kabla hajaugua yuko katika hukumu tofauti: madhehebu hayampi mke haki ya kuvunja ndoa kwa udhaifu uliokuja baadaye, ingawa mlango wa khului, yaani mke kujikomboa katika ndoa kwa malipo, na wa kudai kuondolewa madhara haukufungwa. Hapo wajibu wa mume kujitibu unakuwa mzito zaidi, kwa kuwa mwenzake ana njia chache.

Mambo ya ibada ni mepesi kuliko yanavyohofiwa. Kioevu cha sindano ni mafuta ya mimea, mara nyingi ya ufuta, ya nyonyo au ya karanga, na mwenye mzio wa karanga aulize kwanza. Ni mazito, muuguzi huyasukuma polepole kwenye msuli wa tako, na ile aina ya miezi mitatu, mililita nne, huchukua kama dakika mbili kuingia. Homoni yenyewe haitokani tena na wanyama. Mwaka 1935 ilichujwa mara ya kwanza huko Amsterdam kutoka korodani za mafahali, na mwaka uleule Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka walipata kuitengeneza maabara. Leo huundwa zaidi kutokana na malighafi ya mimea. Kapsuli za kumeza ndizo za kuulizia, kwa sababu ya jelatini. Kuhusu Ramadhani, Baraza la Fikihi liliamua Jeddah mwaka 1997 kwamba sindano zisizo za lishe hazifunguzi, wala dawa zinazopenya kwa ngozi. Jeli huwa na alkoholi inayokauka kwa dakika chache, na wanachuoni wengi wa sasa wanairuhusu kwa tiba ya nje. Hupakwa begani, na haitakiwi kuoshwa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo wakati mzuri ni baada ya kuoga na kuswali alfajiri; udhu wa adhuhuri unaishia kwenye viwiko na hauifikii. Mahali palipopakwa pafunikwe kwa nguo kabla ya kumbeba mtoto au kumgusa mke, kwa kuwa homoni huhama kwa kugusana na huweza kumdhuru mtoto.

Anabaki yule anayeelezwa yote haya na kukataa. Huenda amechoka na hospitali. Mwili uliodungwa miaka mitatu unaweza kuhisi kwamba sindano moja zaidi ni nyingi. Huenda hana haja ya kuoa, ana amani na hali yake, na anaitaka njia ya yule mwanamke wa hadithi. Mshairi wa Marekani Audre Lorde, katika kitabu chake cha 1980 juu ya saratani ya matiti, alieleza kwa nini alikataa kuvaa titi bandia baada ya upasuaji: hakutaka kulazimishwa kuonekana kana kwamba hakuna kilichotokea. Hoja yake ni ya mtu wa dunia nyingine na haikujengwa juu ya dini, lakini inamgusa kijana yeyote ambaye jamaa zake wanataka awe kama zamani kwa ajili yao. Kwa kijana anayekataa, kinachobaki kuangaliwa ni mifupa na damu, ambavyo havijui amani ya moyo. Apimwe uzito wa mifupa kila baada ya muda, na kama inavunjika au damu inashuka, mas'ala yake yametoka kwenye fungu la hiari na kuingia kwenye lile la kujikinga na maangamizi. Maadamu mifupa inashikilia, hiari ni yake. Nawawi, mara tu baada ya kusema katika Minhaj kwamba kujitibu ni sunna, ameongeza kwamba kumlazimisha mgonjwa dawa ni makuruhu.